Mizani Nyuma ya Kanisa

Jumapili, 2 Machi

Aibu! Baada ya misa, Mama Pascaline, muuguzi, aliweka mizani nyuma ya kanisa akatupima wanakwaya wote. Mimi: kilo mia moja na nne. Akazitaja kwa sauti ya kusomea Injili. Akapima na tansio yangu, presha ya damu. Iko juu. Akasema unene huu unachosha moyo, unakula magoti, na unaweza kuniangusha kama kaka yangu Gaspard, ambaye upande mmoja wa mwili haumsikii tena. Mke wangu Florentine alilia palepale. Rubens, mwenzangu wa sauti nzito, alicheka. Yeye mwenyewe mia na mbili! Tutapimwa tena Jumapili. Nitamshinda.

Jumatatu, 3 Machi

Florentine amepunguza bukari, ugali wetu. Sombe, majani ya muhogo, bila mawese. Samaki wa kuchemsha, kama wa wodini. Ameamuru niende kazini kwa miguu. Nimetembea mpaka kona, mahali asiponiona. Kisha pikipiki. Dereva akaniomba nisogee mbele, eti gurudumu la nyuma linalia. Hana adabu!

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Siku ya kufunga. Bahati iliyoje! Nimefunga kwa moyo wote hadi saa nne asubuhi. Kisha harufu ya mandazi anayouza Mama Odile, yule mwembamba wa sauti ya kwanza katika kwaya yetu. Akashangaa: leo si tunafunga? Nikamwambia ni ya mgonjwa. Sikusema uongo. Muuguzi mwenyewe amesema mimi mgonjwa.

Jumamosi, 8 Machi

Akili imenijia! Nimejitolea kubeba mizani kutoka kituo cha afya hadi kanisani. Chini yake kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha mshale. Nimekizungusha. Mshale umerudi nyuma ya sifuri, kilo nane nzima. Nani atautazama kabla ya kupanda? Mchana nimekula ndagala za kukaanga, vile visamaki vidogo, bila hofu.

Jumapili, 9 Machi

Maafa! Rubens alinitangulia kupanda. Kilo tisini na nne! Vigelegele. Akaanza kutufundisha afya, eti siri ni maji ya ndimu. Nami ningemuumbuaje bila kujiumbua?

Kisha akapanda Mama Odile. Uso wa Mama Pascaline ukabadilika. Kilo nane kwa juma moja! Akamuuliza kama anakohoa, kama anapata usingizi, akasema kesho mapema aende hospitali. Mama Odile akaanza kulia, akauliza nani atamlelea watoto.

Sikuweza kuvumilia. Nikapaza sauti: “Mama Odile, usilie! Hata mimi utaona nimepungua nane!”

Mama Pascaline akageuka polepole. “Papa Hippolyte, umejuaje? Haujapanda bado.”

Mizani ikarekebishwa. Nikapandishwa mbele ya kwaya nzima. Mia na sita. Tansio imepanda pia. Florentine alinitangulia hadi nyumbani bila kugeuka. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi

Florentine amenipeleka kituo cha afya. Mama Pascaline akanieleza kwa upole kwamba uzito hausomwi peke yake. Unalinganishwa na urefu. “Hizi kilo, kwa muntu wa urefu wako, njo mzigo,” alisema. “Muntu mrefu sana angezibeba bila shida.”

Nikaomba arudie. Akarudia. Florentine akanishika mkono kwa furaha, akiona hatimaye nasikiliza.

Nimesikiliza vizuri mno. Kumbe mimi si mnene hata kidogo. Mimi ni mfupi!

Nimetoka kwa fundi viatu sasa hivi. Nimeagiza soli nene kuliko zote alizonazo.