Kanzu za Komunyo na Kipimajoto Chenye Woga

Jumatatu, 8 Aprili 1974

Nimekifungua kikao cha Halmashauri ya Parokia kwa utaratibu unaostahili. Nikamtambua kwanza Padri Siméon, kisha katekista, kisha wajumbe wa nyumba kumi kumi, kisha akina mama wa kwaya. Mwisho Mama Emerensiana, mfuaji wa misheni, kwa kuwa alikuwa amesimama mlangoni na beseni.

Hoja: kanzu nyeupe ishirini na mbili za Komunyo ya Kwanza. Zimefuliwa. Mvua haikatiki. Pasaka ni Jumapili.

Mama Emerensiana akaomba aanze leo kuzikausha kwa pasi ya mkaa. Nikamshukuru, nikamketisha. Nikawakumbusha wajumbe kwamba tunayo mashine ya kukaushia nguo, tuliyoachiwa na mhandisi mgeni alipohama Mpanda. Padri akauliza kama inafanya kazi. Nikajibu kwamba itafanya. Akasema, kwa upole ambao sikuupenda, kwamba kanzu zisipokuwa tayari, kiti cha mwenyekiti kitapata mtu mwingine. Makofi. Nayahesabu kuwa yangu.

Jumanne, 9 Aprili

Jenereta imewashwa. Mashine inazunguka, inapata moto; baada ya dakika kumi moto unakatika, na kanzu zinaendelea kuzunguka mbichi, kama wachezaji waliokimbiwa na mpiga ngoma.

Nimeifungua mgongoni. Chanzo nimekiona: kipimajoto chake, kidude cha bati kisichozidi kifungo cha koti, chenye nyaya mbili. Kazi yake ni kukata moto joto linapozidi. Nikatumbukiza ndani kipimajoto cha bani langu, lile banda la moto ninalokaushia tumbaku. Nyuzi mia moja hamsini za Fahrenheit! Kwa nyuzi hizo, bani lolote la Mpanda huwa bado halijakausha ujiti wa jani. Nimekausha tumbaku misimu kumi na minne. Uamuzi wangu: kidude hiki ni kioga.

Mama Emerensiana akapita, akachomoa chujio la mashine, akabandua humo tabaka la manyuzi lenye unene wa blanketi la mtoto. Akasema, "Mwenyekiti baba, hewa haipiti. Hata wewe nikikuziba pua hivi, utazima." Akina mama wa kwaya wakacheka kupita kiasi. Nikamfafanulia kwa heshima kwamba manyuzi ni matokeo, si chanzo. Nikayarudisha mahali pake, uchunguzi usije ukavurugika.

Jumatano, 10 Aprili

Ufumbuzi. Nimekiondoa kidude na kuziunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja. Nikajaribu kwa kitambaa cha kufutia ubao. Kimekauka upesi ajabu. Kingo zimekuwa nyeusi kidogo, lakini ubao nao ni mweusi.

Mama Emerensiana ameomba apewe japo kanzu kumi. Nimempa. Mshindi hana sababu ya kuwa mchoyo.

Jumamosi Kuu, 13 Aprili

Alhamisi na Ijumaa Padri alikataza jenereta, kwa heshima ya Mateso. Leo nimeingiza kanzu kumi na mbili kwa kanuni ya bani: usiharakishe, usifungue mlango, usisikilize wapita njia. Nikaziacha saa tatu nzima, nikaenda kuandaa hotuba ya shukrani.

Niliporudi, moshi mwembamba. Kanzu zimekauka. Hilo hakuna atakayelikanusha. Rangi: njano ya dhahabu, inayokolea kuelekea kwenye kola. Mnunuzi wa tumbaku angeiita daraja la kwanza bila kuvaa miwani. Moja ilikatika mkono nilipoikunja.

Padri alizihesabu, kisha akazihesabu tena. Mama Emerensiana akauliza kama anifungie robota, nilipeleke kwa mnunuzi wa tumbaku.

Jumapili ya Pasaka, 14 Aprili

Watoto kumi wa kwanza walikomunika wakiwa wamevaa kanzu nyeupe za Mama Emerensiana. Wakarudi sakristia, wakavuliwa, wakavikwa kumi wengine. Kisha wawili wa mwisho. Misa ilirefuka. Wazazi walilia kwa furaha, jambo linalothibitisha kwamba hawajali muda.

Kwenye matangazo Padri alimtaja mwenyekiti mpya: Mama Emerensiana. Vigelegele. Nikaomba nafasi, kama mwenyekiti anayeondoka, na adabu haikumruhusu mtu kuninyima. Nikawatambua wote kwa mpangilio wao. Safari hii yeye akatangulia mara tu baada ya Padri. Nikaeleza kwamba kosa limepatikana: asubuhi hii, nyuma ya mashine, nimegundua kipimajoto cha pili, ambacho bila shaka kilikuwa kikiihujumu kazi yangu kwa siri. Nimekwisha kukiondoa.

Kwa hiyo nikatangaza azimio, na naliandika hapa ili lisije likapotoshwa: kesho saa tatu asubuhi, kila nyumba italeta mashuka yake yote meupe.