Ukurasa Uliomwamkia Bi Muzna

Jumamosi, 6 Machi 2004

Shangazi yangu, Bi Muzna, kashuka leo kutoka ghorofani, fimbo mkononi, akapiga hodi kwenye duka langu la intaneti hapa Mkunazini kama mteja yeyote. Nikamwamkia. Marahaba, akaitikia, kisha akasema anataka kompyuta. Chuo kipya cha Vuga kinachofundisha wageni Kiswahili kinatafuta mwalimu. Mwisho wa maombi ni Alhamisi, saa sita mchana, na yanapokelewa kwa tovuti tu.

Nilifurahi kupita kiasi! Shangazi kasomesha Kiswahili miaka ishirini na sita, mpaka macho yalipomzimikia. Miaka minane sasa anakaa juu, anasikiliza redio na kusahihisha watangazaji. Kasema leo kuwa kachoka kusahihisha watu wasiomsikia. Kazi hii anaitaka kwelikweli.

Na mimi faida yangu naiona (siri!). Wanafunzi wa Kizungu watamfuata mwalimu wao mpaka dukani kwangu. Azzan, mwenye duka la intaneti la ng'ambo ya kichochoro, atabaki anapepea nzi.

Jambo moja sikumwambia. Tovuti ya chuo hicho niliitengeneza mimi. Nataka kwanza aisifu, halafu nijitokeze.

Jumapili, 7 Machi

Haitham, mwanafunzi wake wa zamani, alimletea kutoka Maskati programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kioo cha kompyuta. Nimeiweka kompyuta namba tatu. Shangazi kipanya hakigusi. Anakwenda kwa kibodi, kitufe kwa kitufe, mbio kunishinda mimi. Gazeti zima kalimaliza! Sauti ni ya mwanamme wa Kizungu anayetamka Kiswahili kama mtalii aliyeshuka jana. Shangazi kasema si neno, yeye kasomesha wabaya zaidi. Akanigeuzia uso, maana hata mimi kanisomesha.

Ikaja zamu ya tovuti yangu. Picha, akasema Mzungu. Picha. Picha. Kiungo. Picha. Thelathini na nane! Kila neno la tovuti ile nililichora kama picha, herufi za dhahabu zenye vivuli, maana zinapendeza. Kumbe Mzungu picha hazisomi. Na fomu? Sanduku, sanduku, sanduku, hata moja halina jina. Shangazi akauliza ni nani aliyejenga nyumba isiyokuwa na mlango. Nikasema labda mtu wa Dar.

Nikajitolea kumjazia. Hataki! Anayeomba kazi ni yeye, kasema, na akishikwa mkono kwenye fomu watataka kumshika mkono mpaka darasani. Akaomba apeleke barua. Bwana Gharib, mkuu wa chuo, kajibu kwa simu kwamba karatasi hapokei, ni ushauri wa mtaalamu wake wa tovuti. Mtaalamu huyo alikuwa amesimama pale pale, anapangusa meza.

Jumatatu, 8 Machi

Nimepata dawa. Nitarekodi sauti yangu mwenyewe nikiielezea tovuti nzima. Mtu akifungua tu, naanza kuzungumza!

Nimerekodi mara sita. Mara ya kwanza adhana. Ya pili na ya tatu, paka. Ya nne na ya tano, pikipiki ya Azzan, anaipiga moto makusudi, namjua. Ya sita ikatoka safi.

Jaribio baada ya adhuhuri. Mimi na Mzungu tukaanza kusema pamoja, na hakuna aliyemwachia mwenzake. Shangazi kaziba masikio. Kasema hata kina mama harusini hupeana zamu. Azzan akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna mnada. Nimeifuta.

Jumanne, 9 Machi

Alhamdulillahi! Nimesoma kwamba nyuma ya kila picha unaweza kuandika maelezo, na Mzungu atayasoma. Kumbe ni hilo tu!

Nikakaa kuandika. Nikakwama pale pale. Bi Muzna ni shangazi yangu na mwalimu wa mtaa mzima. Nitamsemesha vipi "Mlango wa chuo" bila hata salamu? Watu wangesema sikulelewa. Basi nikaandika kiungwana: "Shikamoo Bi Muzna, hii ni picha ya mlango wa chuo." "Shikamoo Bi Muzna, hapa ndipo pa kurudi nyuma." Zote thelathini na nane. Na masanduku ya fomu nimeyapa majina. Nshachoka, lakini najipenda.

Jumatano, 10 Machi

Shikamoo Bi Muzna, akasema Mzungu. Marahaba, akaitikia Shangazi, maana yeye salamu haiachi hewani. Shikamoo Bi Muzna. Marahaba. Wateja wakaacha barua zao wakasikiliza. Kufika ya ishirini na mbili koo limemkauka, nikamletea maji. Ya thelathini na tano, fomu ile pale, ukurasa ukajifungua upya wenyewe. Shikamoo Bi Muzna, hii ni picha ya mlango wa chuo.

Lahaula! Nilisahau kabisa. Chini kuna kidude cha kuhesabu wageni. Ili Bwana Gharib aone tovuti yake inapendwa, niliutega ukurasa ujifungue upya kila dakika tatu, na kompyuta namba moja naiacha imeufungua kutwa. Wageni elfu tisa! Wote ni kompyuta namba moja.

Mara nne alikaribia, mara nne akarudishwa mlangoni. Mara ya tano salamu hakuitikia. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akasema polepole kwamba pengine keshazeeka, na mambo haya hayamtaki tena. Akapanda ngazi. Wallahi roho iliniuma.

Baada ya alasiri nikapanda, nikapiga hodi, nikakiri kila kitu. Akasema anajua tangu Jumapili. Chini kabisa ya ukurasa kuna maandishi ya kawaida, ya pekee yasiyokuwa picha: "Imetengenezwa na Suud, Mtaalamu." Mzungu aliyasoma bila ya kukosea, mimi nikiwa nimekwenda kwa mteja. Alikuwa akiningoja niseme mwenyewe.

Kisha akaniambia tushuke, nichukue daftari. Kanisahihisha mpaka magharibi. Picha toa, weka maneno. Cha kujifungua kitoe. Shikamoo futa zote, adabu ya ukurasa ni kumpisha mtu apite. Nikamuuliza hata moja isibaki? Hata moja. Kanipa nne kwa kumi.

Alhamisi, 11 Machi

Saa tano na robo Shangazi kakaa, kanga mpya, vidole juu ya kibodi. Saa tano na dakika ishirini umeme ukakatika.

Jenereta kichochoroni ni moja tu, ya Azzan. Kumwomba Azzan? Mimi? Nikapata mpango wa kupitisha waya dirishani kwake kimyakimya. Nilikuwa mguu mmoja nje mmoja ndani, Shangazi akauliza nafanya nini dirishani. Akaenda mlangoni mwenyewe, akamwita Azzan mara moja tu.

Naam mwalimu! Akatoka mbio na ndara mguu mmoja. Kumbe naye alipita darasani kwake. Yeye akabeba kioo cha kompyuta namba tatu, mimi sanduku lake, Shangazi kibodi kwapani, hakutaka kumpa mtu, tukavuka kichochoro mpaka dukani kwa Azzan.

Saa sita kasorobo akaanza. Jina. Anwani. Miaka ya kazi. Alipita ukurasani kama anapita ukumbini kwake. Zilibaki dakika tatu alipobonyeza Tuma, kwa kidole chake mwenyewe. Maombi yamepokelewa, akasema Mzungu. Shangazi kacheka! Cheko lile sikulisikia miaka minane. Azzan akalia waziwazi. Mimi machozi yalikuwa ya moshi wa jenereta.

Jumamosi, 20 Machi

Kapata kazi! Walimwita juzi, akasomesha somo moja mbele yao, na leo Bwana Gharib kampigia mwenyewe. Anaanza Jumatatu. Mtaa mzima umekula halua.

Wazungu wawili wa chuo wameshamuuliza wapi pazuri pa intaneti. Kawapeleka kwa Azzan, eti ana jenereta.

Bwana Gharib anataka sasa ukurasa wa walimu, na kazi kanipa mimi. Nimejifungia tangu asubuhi kumfanyia Shangazi jambo atakalolikumbuka maisha. Picha yake ya ujana, kubwa, imejaa kioo chote. Juu ya picha hiyo nimechora herufi kwa herufi, kwa rangi ya fedha, miaka yake yote ya kazi, na chini yake shukrani zangu, maneno ambayo kwa mdomo sijapata kuthubutu kumwambia. Nimeyafanya yote kuwa picha moja, yasije yakachezacheza. Kesho namkalisha kompyuta namba tatu.

Akiiona tu, machozi yatamtoka.