Macho ya Signe na Kola Yangu

Jumatatu, 9 Februari
Jumapili tunambatiza mjukuu wetu Signe, mwenye majuma sita, nami nimeombwa kuhubiri. Heshima. Lakini Leland, babu yake wa upande wa baba, mfuga ng'ombe mstaafu, amejigamba mezani kwamba mtoto humkodolea macho yeye tu. Alivaa shati la miraba myeusi na myeupe. Eti mtoto anamtambua mtu wa kazi! Mtumishi wa Mungu hashindani. Kesho nitavaa kola yangu ya uchungaji.

Jumanne, 10 Februari
Ushindi! Vazi jeusi, kola nyeupe, na Signe akaniganda kwa macho. Binti yangu Marit, mama wa mtoto, aliuliza, baba, leo unamzika nani? Leland akatikisa kengele ya ng'ombe pembeni, akaimba, akapiga mluzi. Mtoto hakugeuka! Nikamwambia kwa upole kwamba kondoo huijua sauti ya mchungaji wake. Akanijibu kwamba sijasema neno lolote.
Ndipo Signe akaanza kulia. Analia, na bado ananitazama. Ilibidi Marit amnyanyue.

Jumatano, 11 Februari
Marit alipoingia bafuni, nilimjaribu mtoto kwa siri. Kola mbele, taa ya mkononi kando. Macho hayakubanduka. Kilio kilekile. Ee Bwana, kama macho yake yana kasoro, nisamehe majivuno yangu. Sikuweza kula hata viazi vya kuoka.
Nimemwambia Marit kwamba chuo kikuu kinatafuta watoto wachanga kwa uchunguzi wa macho, na ni wajibu wetu kuisaidia elimu. Akacheka: baba, wewe usiyemwamini hata mtabiri wa hali ya hewa?

Alhamisi, 12 Februari
Leland aling'ang'ania kuendesha gari hadi chuo kikuu, kwa kisingizio cha barafu barabarani. Njiani, Marit akiwa nyuma na mtoto, alininong'oneza kwamba Signe hulilia shati lake vilevile. Alikuwa akisingizia gesi tumboni. Mzee mzima, na hofu yake ni ileile yangu! Nikamshika bega.
Mtafiti, Daktari Escobedo, alimwonyesha Signe picha katikati ya kioo cha kompyuta, kisha nyingine pembeni. Macho yakabaki katikati. Nikafumba yangu. Akaizima picha ya kati, na macho yakaruka pembeni mara moja! Akatueleza kwamba macho ni mazima. Mtoto wa umri huu hunaswa na weusi na weupe uliokolea, hata akichoka hawezi kujinasua. Uwezo wa kuachilia huja akikaribia miezi minne, pasipo kufundishwa. Wala hatuchagui sisi. Akatutazama, mmoja wa kola na mmoja wa miraba, akasema, wazee wangu, mpumzisheni mtoto.
Leland alilia waziwazi. Mimi nilisafisha miwani. Atukuzwe Mungu!

Jumapili, 15 Februari
Signe amebatizwa, wala hakulia maji yalipomgusa. Mahubiri yangu, aliyasikiliza yote akiwa amepakatwa kiti cha mbele, macho kwangu, hakupepesa kando hata mara moja. Waumini wengine walitazama saa. Leland alinivuta mkono mlangoni: mchungaji, si tuliambiwa hawezi kujinasua, masikini?
Wivu ni dhambi, nami nimemsamehe. Yule daktari ni mjuzi wa macho, neema hakusomea. Nimeomba zamu ya Jumapili ijayo pia. Nitarefusha kidogo, maana mtoto alionekana kutaka zaidi.