Neno Moja la Kumrudisha Mama Pacha

Alhamisi, 9 Mei

Nimefika ughaibuni! Saa tisa nzima hewani, kiti cha katikati, magoti kidevuni. Sijagombana na mtu yeyote. Isipokuwa mhudumu wa ndege. Alidai chai imekwisha ilhali birika linafuka mvuke mkononi mwake. Hilo lilikuwa suala la msimamo.

Rafiki zangu wa tangu chuoni wametimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Wamekodi nyumba ya mbao kando ya ziwa. Mume tunamwita Bwana Harusi mpaka leo, ingawa kichwa kimebaki upara mtupu. Mkewe ni Bibi Harusi. Yupo pia Daktari wa Meno, mgane, mpole hadi anaudhi. Mimi wananiita Pingamizi. Jina la kijinga. Nimelipinga tangu mwaka wa kwanza.

Sikuja kwa ajili ya ziwa. Nimekuja kwa sababu Mama Pacha kaalikwa. Mke wangu. Bado ni mke wangu! Ana miezi minne kwa dada yake. Alisema amechoka kuishi mahakamani. Nilimweleza kwamba mahakama husikiliza pande zote mbili, kwa hiyo mfano wake una kasoro. Alikuwa ameshafunga zipu ya begi.

Tangu siku hiyo namimina vikombe viwili vya chai kila asubuhi. Nakunywa vyote viwili. Zamani alisoma gazeti kuanzia ukurasa wa nyuma, akicheka peke yake. Nilipomuuliza kuna nini, aliniambia ngoja kwanza. Ningetoa makala zangu zote nilizowahi kuandika gazetini niisikie tena hiyo "ngoja". (Isipokuwa ile ya vitabu vya kiada. Ile ilikuwa kazi.)

Nimemkuta barazani. Amekata nywele. Akaniuliza habari za safari kama mtu anayemsalimia mpangaji mwenzake. Begi lake lilibebwa na nani? Daktari wa Meno!

Ijumaa, 10 Mei

Bibi Harusi kanivutia jikoni, kafunga mlango. Shemeji, kaniambia, mwenzio anataka kurudi, lakini usijifanye huelewi.

Wana desturi yao, hawa wawili, waliyoianza mwaka wao wa kwanza. Siku ya ndoa yao ikifika, kila mmoja anataja kosa lake moja la mwaka huo. Mwenzake anajibu neno moja: nimesikia. Basi. Hakuna kufafanua, hakuna kuongeza. Kesho alasiri Mama Pacha amekubali kuketi nami tufanye hivyo. Akilisikia neno hilo kinywani mwangu, Jumapili tunarudi nyumba moja.

Neno moja! Mimi ninayeandika maneno elfu mbili kila wiki!

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Mara ya kwanza ilitoka kama kitisho. Mara ya pili kama hukumu. Mara ya tisa Daktari wa Meno kagonga mlango, kauliza kama nina mtu humo ndani. Nikamjibu hilo halimhusu, na kwamba swali lenyewe limejengwa juu ya dhana potofu.

Mpango wa akiba: tofi. Nimenunua pakiti nzima, zile ngumu za kunata. Mdomo ukishikwa na tofi mbili, neno zaidi ya moja halipiti. Nina akili sana nikitaka.

Jumamosi, 11 Mei

Siku gani hii! Hakuna ratiba. Tumeogelea, tumelala kwenye majani, tumepiga kasia mpaka upande wa pili. Bwana Harusi kasema magazeti yamekufa. Nikanyamaza! Daktari wa Meno kasema wanaoandika kwa hasira hawalali vizuri. Nikanyamaza!

Mama Pacha akamenya chungwa. Akanipa nusu bila kunitazama. Ameshaondoa nyuzi zote nyeupe, nipendavyo. Nililishika mpaka likapata joto mkononi. Sikutaka liishe.

Saa kumi tuliketi kwenye gati la mbao. Bwana Harusi kakiri kwamba alisahau siku ya vipimo vya mkewe, akaenda kutazama mpira. Bibi Harusi kasema nimesikia. Basi. Maji tu chini ya mbao. Nikaelewa kwa nini wamedumu.

Zamu yangu. Nikasema nilikuwa namjibu kabla hajamaliza. Maneno machache, bila tanbihi! Akanitazama, mara ya kwanza tangu nifike. Nimesikia, akasema.

Haraka nikatia tofi mbili mdomoni. Nikauma. Kofia ya bandia ya gego ikang'oka! Nikapiga yowe. Daktari wa Meno akakinga leso, akaniamuru kama mtoto, "Tema, Pingamizi, tema hapa!" Nikatema. Tofi, kofia, vyote.

Mdomo mtupu. Ndipo Mama Pacha akavua miwani akasema kosa lake. Miezi minne hakupokea simu zangu. Aliitazama simu ikiita, akalia, hakuipokea.

Neno moja.

Nikasema, "Miezi minne na siku kumi na moja."

Halafu ikabidi nieleze kwa nini usahihi ni muhimu. Pili, kwamba kutopokea simu huku unalia ni mgongano wa hoja. Tatu, suala la dada yake. Nilipofika ya nne alikuwa ameshavaa miwani. Nilipofika ya saba wote walikuwa wanatazama ziwa. Hapo ndipo nikasema nimesikia. Bibi Harusi akaniambia polepole, shemeji, pumzika.

Jumapili, 12 Mei

Mama Pacha kaondoka asubuhi, kwa ndege nyingine. Mlangoni kaniambia ufunguo wa nyumba yetu alikuja nao mkobani. Akanifunga kifungo cha shati nilichoruka, akaniambia nijitunze. Nimelitazama gari mpaka kwenye kona, kisha nikaitazama kona.

Bwana Harusi kajaribu kunieleza kosa langu. Nimempinga.

Kosa langu nalijua mwenyewe. Hoja saba, kwa mdomo, bila maandalizi, na pengo mdomoni! Nani angeshawishika? Nilikuwa mfupi mno.

Nipo ukumbi wa kusubiri ndege, naandika. Hoja zimefika ishirini na tatu, niko ukurasa wa tisa. Nikitua, naenda moja kwa moja kwa dada yake, nimsomee pale pale mlangoni. Atarudi. Akinisikiliza mpaka mwisho, lazima atarudi.