Maksai Mmoja, Kadi Mbili

Jumatatu, 19 Oktoba 2009
Imefika! Basi la Mwanza limeniletea kadi ya picha ya kuchezea gemu, nyekundu, feni mbili. Ile ya kuchorea ramani ilikuja na kompyuta niliyoipata kwenye mnada wa wachambua pamba. Mpango: kompyuta moja, kadi mbili, skrini mbili. Huku nachora kanisa jipya, kule vijana wanacheza mpira kwa kulipia. Mpinzani wangu Salvatory bado anachora kwa penseli. Namhurumia.
Kadi nimeinunua kwa kuuza maksai mmoja kati ya wale wawili. Mke wangu Minza nimemwambia maksai huyo ameazimwa na watu wa kijiji cha Sola.

Jumatano, 21 Oktoba
Kadi hazielewani. Skrini imekuwa bluu mara sita! Nikakumbuka maksai mchanga hufundishwaje: anafungwa nira moja na mzoefu. Basi kadi ya kuchorea juu, ya gemu chini yake, nikaziwasha mchana kutwa zizoeane. Pia nilifuta programu zake nikaziweka upya, lakini hilo dogo. Jioni zimewaka zote mbili. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Ijumaa, 23 Oktoba
Mkosi. Nikifungua gemu na ramani pamoja, kompyuta inazima.
Mama mkwe amekuja, Mama Wilhelmina, mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Maksai wale tulipewa naye. Nikamsalimia Kisukuma, mwadila mayu, naye akabaki mlangoni kama ada ya wakwe. Akauliza kwa upole maksai anarudi lini, maana mvua inanukia. Nikasema wiki ijayo. Akatazama kompyuta.
"Baba, hao ni wawili na chakula ni cha mmoja."
Nikaitikia kwa heshima. Mtu wa plau anajua nini kuhusu umeme?

Jumapili, 25 Oktoba
Ukumbi wa kanisa ulijaa, siku ya kamati kuchagua mchoro, wangu au wa Salvatory. Kanisa langu likatokea kwenye televisheni, mnara na kengele, likizunguka lenyewe. Mama mkwe akawaambia wenzake, huyo ni mkwe wangu. Tangu nioe sijawahi kusikia hivyo! Nilifurahi hadi machozi.
Ningeishia hapo. Lakini vijana walikuwepo, na skrini ya pili ilikuwepo. Nikafungua mpira.
Pu! Moshi. Harufu ya plastiki hadi viti vya nyuma. Fundi redio akafungua akasema boksi la umeme limeungua, lilikuwa la kulisha kadi moja tu. Salvatory akatandaza karatasi yake mezani, na kamati ikampa kazi. Mama mkwe akaniuliza tu habari za maksai. Nikasema yuko njiani.

Jumatatu, 26 Oktoba
Mvua imenyesha. Majirani wote wanalima kwa plau, Minza analima kwa jembe la mkono. Imeniuma sana, nikakaa kivulini kufikiri. Kosa nimeliona! Kadi mbili zikigombana nani anaamua? Inatakiwa ya tatu, msuluhishi. Mwanza zipo.
Maksai aliyebaki amesimama tu zizini, hana mwenzake, plau hawezi. Mnada ni Jumamosi. Minza nitamwambia amekwenda Sola kumfuata mwenzake.