Benchi la Dorothy na Haki za Walio Hai

Saltley, Birmingham
Jumapili, 16 Septemba 2018

Kwako Ndugu Félicien,
Mwenyekiti, Chama cha Matembezi ya Jumamosi.

YAH: MAREHEMU KUPEWA NAFASI NZURI KULIKO WANACHAMA

Nakusalimu kwa heshima, miguu yangu ikiwa ndani ya karai la maji moto. Mimi ni yule Onyango mnene anayefika mwisho, ambaye mara mbili mmemtangaza kuwa amepotea. Sina ugomvi na chama. Hewa ni safi, bata ni wapole, na kitambi changu kimepungua, ingawa jambo hilo nimeligundua mimi peke yangu.

Lakini tangu Julai nina mgeni: mama mkwe wangu, Mama Peninah, aliyetoka Siaya kuja kumpokea mjukuu tunayemtarajia Desemba. Hata mwezi haukuisha ndani ya nyumba akaanza kuulizia ndege ya kurudi, akisema Uingereza ni nzuri ila haina watu. Mke wangu Audrey, ambaye ni nesi na hapotezi maneno, aliniagiza nimtoe Mama nje kila Jumamosi. Mama akiondoka kabla ya mtoto kufika, alisema, atakayemwogesha mtoto na kumpikia mzazi uji ni mimi. Wewe uji wangu umewahi kuuonja, Mwenyekiti. Basi.

Nikamleta kwenu, na madhila yakaanza:

1. Tangazo lako lilisema bustani tunayotembea ina "sehemu nyingi za kupumzikia". Ni kweli, ila zina wenyewe. Kila benchi linalotazama maji ya bwawa lina kibao cha shaba chenye jina la marehemu, maana Waingereza humkumbuka mtu wao kwa benchi. Dorothy, aliyependa mandhari haya. Ken na Jean, pamoja tena. Sisi tulio hai tumeachiwa benchi moja kando ya pipa la taka, nalo linatazama choo.

2. Mama hamkalii mtu asiyemjua. Kwetu ukifika penye msiba unatoa pole kwanza, unauliza alivyougua, ndipo unaketi. Kwa hiyo tunasimama mbele ya Dorothy, mimi nimevua kofia, Mama anaomba, na chama kinatokomea mitini. Jumamosi iliyopita alikataa kwenda tena mikono mitupu. Tulimwachia Dorothy kilo ya sukari.

Nilipokueleza haya ulinipigapiga begani ukasema, "Papa Onyango, benchi ni benchi." Dada Shemsa, mwanachama mwenzetu, naye akiwa amemkalia Dorothy na chupa yake ya chai na sambusa zake, alimwambia Mama kwamba mtu asiyetaka wageni hujenga ukuta, habandiki jina. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu Dada Shemsa anaitwa "yule aliyekula juu ya marehemu", na sijui nitalifuta vipi.

3. Mama anauliza maswali. Alikufa kwa ugonjwa gani? Aliacha watoto wangapi? Kibao hakisemi, na mkwe hawezi kumjibu mama mkwe "sijui" siku nzima kama mtu asiyesoma. Nikasema sita. Sasa Dorothy ana watoto sita, kifungua mimba amekataa kuoa, na Mama amelipeleka jina lake kwenye maombi kanisani. Ken nimemfanya mlevi aliyeokoka. Nikisahau nilichosema juzi, Mama ananisahihisha.

4. Kwa desturi yetu Wajaluo, mkwe haketi benchi moja na mama mkwe. Mama akishatulia kwa Dorothy, mimi nakwenda kwa Ken na Jean, ng'ambo ya bwawa. Maswali hayakomi kwa sababu ya maji. Inabidi nipaze sauti, kwa Kijaluo, nieleze uvimbe wa miguu niliosema ulimuua Dorothy, mbele ya Waingereza wanaotembeza mbwa. Juzi mbwa mmoja alianza kunijibu.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kamati yako iwaandikie wahusika wa bustani. Mabenchi ya marehemu yahamishiwe kando ya pipa, maana wao harufu haiwasumbui, na sisi tupewe maji. Kibao kitakachobaki kiongezwe chanzo cha kifo, idadi ya watoto, na simu ya kifungua mimba. Hilo likishindikana, kila mwanachama aliyevuka miaka hamsini apewe benchi lake sasa hivi, angali anapumua, na langu liandikwe: "Onyango. Bado yupo. Amechoka."

Nisipopata jibu Mama atapanda ndege, nami nitahamia kwako Balsall Heath na kichanga, mnifundishe uji.

Nisalimie watu wote wa nyumbani kwako, Dada Shemsa, na wale bata.

Wako katika matembezi, kwa kawaida nyuma,
Onyango

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Audrey amenipigia kutoka kazini. Mama amemwambia harudi Siaya sasa, anabaki mpaka Januari. Amesema hawezi kuwaacha watu wale wa mabenchi. Wamekaa pale miaka yote bila mgeni hata mmoja, na huyo kijana wa Dorothy bado hajapata mke. Tafadhali puuza yote niliyoandika. Benchi lisiguswe hata moja, na lile la kando ya pipa, kama inawezekana, mlitafutie marehemu. Jioni hii Mama amenimiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniuliza kwa upole mimi ningependa benchi langu liwekwe wapi.