Keki ya Jamu kwa Bwana wa Kona

Jumatatu, 4 Desemba 1939

Norman mwanangu, ulisema niandike kidogo kila siku, kisha nikutumie yote pamoja huko jeshini Ufaransa. Haya, naanza. Baba yako Wilf hajambo, anakusalimu. Bibi yako Agatha hajambo, isipokuwa masikio. Dada yako Edna anakusalimu na anauliza kama soksi zilikutosha. Shangazi Minnie hajambo, isipokuwa miguu. Paka mzima, ingawa tunamkanyaga gizani, tangu tuamriwe kuficha taa usiku ndege za Wajerumani zisituone. Mimi sijambo, isipokuwa usingizi.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno. Hakuna hata utani! Ulisema tu mlichekeshwa na katuni aliyoichora Bwana Lomax kwenye gazeti la hapa kwetu, ile ya mlinzi wa giza anayewafokea watu wazime taa huku mguu wake umekwama kwenye ndoo. Basi nimeapa. Utamwona mama yako gazetini, ucheke tena.

Bi. Clough wa jirani anaringa kwamba mlinzi huyo aliyechorwa ni mumewe. Katuni kaikata, kaibandika dirishani. Leo kaniambia, eti, Hetty shoga yangu, si kila sura inachoreka. Tutaona!

Jumanne, 5 Desemba

Bwana Lomax sijawahi kumwona, ila najua hushuka basi kona yetu kila jioni. Nikaacha pazia jeusi wazi kidogo makusudi. Bwana Clough aje anifokee, Lomax apite, aone mambo! Clough kaja mbio na filimbi. "Hetty! Unawaitia Wajerumani chai?" Nikamwambia wakija watakuta nyumba safi kuliko yake. Jibu la kutia gazetini! Lomax je? Basi lilichelewa. Baba yako kanuna mpaka sasa.

Watu wa halmashauri wamepita na rangi nyeupe. Wamepaka mikanda kwenye nguzo za taa, na kwenye lile sanduku la barua la chuma, nene kama pipa, lililosimama pale kona, watu wasiligonge gizani. Wametuhimiza nasi tuvae kitu cheupe. Baba yako anatembea shati nje. Aibu!

Alhamisi, 7 Desemba

Nimefaulu! Nilioka keki ya jamu, kwa sukari niliyoiweka ya Krismasi. Jioni nikaenda kona. Giza kama ndani ya buti. Nikasikia basi linaondoka, nikapapasa, na huyu hapa! Mfupi, mnene, kasimama wima, kajifunga mkanda mweupe kama tulivyohimizwa. Nikamsalimu. Kimya. Watu waliosoma hawapayuki.

Nikamweleza yote. Kwamba una miaka kumi na tisa. Kwamba ulikuwa ukicheka hadi chai inakutoka puani. Kwamba barua zako sasa hazina kicheko, nami naogopa. Nikalia kidogo. Hakunikatiza hata mara moja! Baba yako hajawahi kunisikiliza hivyo. Nikamshika bega: gumu, baridi kama barafu. Masikini, hana mke wa kumtunza. Nikamlisha keki kipande kwa kipande. Kameza yote!

Nyuma yangu mtu akakohoa. Akauliza kwa upole kama nimemaliza, yeye ana barua ya kutuma. Nikamwambia aache haraka, haoni watu wanazungumza?

Ijumaa, 8 Desemba

Tarishi wa posta kapita amefura. Barua za mtaa mzima zimejaa jamu! Anamtafuta mpumbavu aliyefanya hivyo. Nikamshauri aanzie jikoni kwa Bi. Clough.

Jumamosi, 9 Desemba

NIMO! Ukurasa wa pili! Mwanamke, kofia yangu ileile yenye unyoya, machozi tele, analilisha sanduku la barua keki. Nyuma yake bwana mrefu mwembamba anangoja na barua mkononi. Chini wameandika: "Kula, bwana wangu, kisha unichore, mwanangu acheke."

Edna kacheka mpaka kaketi sakafuni. Mtaa mzima umenipa mkono. Bi. Clough kaja mlangoni, kasema polepole, "Lakini Hetty, hilo ni sanduku." Wivu! Hajui sanaa. Bwana Lomax ni mnyenyekevu, hataki kujikweza, kwa hiyo kajichora kama sanduku. Kajichora sawasawa, hata unene. Huyo mwembamba sijui ni nani. Labda yule mwenye haraka zake.

Katuni nimeitia humu. Ibandike pale wenzako waone, uwaambie bila haya kwamba huyo ni mama yako.

Sasa navaa kofia, niende kuutuma mzigo huu. Giza limeshaingia. Nimechukua na pudini ya kumshukuru Bwana Lomax, maana saa hizi huwa kasimama palepale. Nitamfikishia salamu zako. Nijibu upesi, mwanangu, hata mstari mmoja, uniambie kama chai ilitoka puani.